Arbuni, Sahihi na Hatari za Mlima

Ijumaa moja ya mwezi wa Agosti, jua likiwa limekwisha kuzama nyuma ya safu ya Nyandarua na baridi ya Naro Moru imeanza kuuma vidole, niliwekewa juu ya meza ya mapokezi karatasi tatu zilizobanwa pamoja, na kijana aliyeziweka, mwenye adabu na mwenye haraka kwa wakati mmoja, akanionyesha kwa ncha ya kalamu mstari mtupu ulioachwa chini ya ile ya mwisho. "Mzee, weka sahihi hapa tu," akaniambia, "ni utaratibu." Nyuma yangu walisimama watu 11 wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, wajukuu wawili wamelala mabegani mwa mama zao, na nje matatu tuliyoikodi Nyeri mjini ilikuwa imekwisha kushusha magodoro, sufuria na gunia la viazi, dereva wake akitazama saa. Mtu aliye katika hali hiyo hasomi, hutia sahihi. Mimi nami ningetia, lau si ila yangu ya kale, niliyoipata katika miaka mingi ya kusomesha, ya kutoweza kuipita karatasi iliyoandikwa bila ya kuisoma, hata ikiwa ni ya kufungia maandazi.

Karatasi ya kwanza ilisema kwamba kambi haitakuwa na dhima ya kifo, jeraha, maradhi wala upotevu wa mali ya mgeni, uwe umeletwa na wanyama, na hali ya hewa, na moto, au na uzembe wa aina yoyote wa kambi yenyewe na watumishi wake. Ya pili ilisema kwamba mgeni ameyakubali hayo kwa hiari yake, baada ya kuyasoma na kuyafahamu barabara. Ya tatu, kwa herufi zilizonilazimu kuisogeza miwani, ilisema kwamba masharti yote yaweza kubadilishwa wakati wowote bila ya taarifa, na kwamba fedha iliyokwisha kulipwa hairudishwi kwa sababu yoyote ile. Yote yalikuwa kwa Kiingereza. Mke wangu, ambaye Kiingereza chake hakivuki maamkizi, alitakiwa naye aweke sahihi ya kwamba amefahamu.

Yafaa nieleze kwamba wiki tano kabla ya siku ile nilikuwa nimelipa arbuni ya shilingi 6,000 kwa M-Pesa, nikajibiwa kwa ujumbe wa shukrani usiokuwa na sharti hata moja. Kisha, siku nne kabla ya safari, watoto wakiwa wamekwisha kufunga virago, ukaja ujumbe wa pili wa kunijulisha kwamba bei ya kila kichwa imepanda, kwamba kuni sasa zauzwa mbali, na kwamba atakayeghairi atakipoteza alichotoa. Hayo niliyameza. Lakini lile neno uzembe lilinikwama kooni, nikamwomba kijana ruhusa ya kulikata hilo peke yake kwa kalamu, kisha niyatilie sahihi yaliyosalia yote bila ya kinyongo. Akampigia bwana wake simu, akasimama kando akizungumza kwa sauti ya chini, akarudi na jawabu: ama karatasi nzima, ama hakuna kambi. Tukapakia upya magodoro yetu, na usiku ule tukalala sakafuni kwa rafiki yangu wa Kiganjo, ambaye hakututaka sahihi yoyote zaidi ya kumsifu mkewe kwa mukimo wake.

Jina la kambi hiyo silitaji, wala halina maana, kwani tangu siku ile nimezitia mkononi karatasi za namna hiyo kutoka Nanyuki, Timau, Chogoria na vilima vya Othaya, na zafanana kama sare za shule. Wenyewe huziita indemniti, neno ambalo katika vinywa vya watu wa mlimani limekwisha kuwa la Kiswahili kama lilivyo neno tenti. Mintarafu ya karatasi hizo ndipo ninapotaka kusema.

Na kabla ya kuwahukumu wenye kambi ni insafu kuwasikiliza. Mlima Kenya, ambao majirani zake Wakikuyu huuita Kirinyaga, una vilele viwili vikuu, Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188, navyo ni vya wakwezi wa kamba; lakini kilele cha tatu, Lenana, chenye mita 4,985, hufikiwa kwa kutembea, na humo ndimo hatari ilimojificha, kwa sababu kila mwenye miguu hujiona amealikwa. Mtu aweza kuondoka Nairobi alfajiri, mchana akapita lango la Sirimon, usiku akalala Old Moses, mita 3,300, na kesho yake jioni akawa Shipton, mita 4,200, ilhali damu yake ingali ikidhani iko Nairobi. Huko hewa ni haba, kichwa hugonga kama ngoma, na mapafu ya asiyebahatika huanza kujaa maji; dawa yake ya kwanza ni kushuka, na kushuka usiku, mvuani, mgonjwa akiwa juu ya mabega ya watu, si jambo la masihara. Chini zaidi, katika msitu wa mianzi, wako nyati na ndovu, ambao hawakuarifiwa kwamba mgeni amelipa.

Mlima huo umekuwa na wageni wa kila sampuli. Januari 1943 mateka watatu wa Kitaliano, Felice Benuzzi na wenziwe wawili, walitoroka katika kambi ya wafungwa wa vita iliyokuwa Nanyuki, si kwa kutaka kurudi kwao, bali kwa kutaka kuupanda mlima waliokuwa wakiuona kila kulipokucha kupitia seng'enge. Wawili kati yao wakafika Lenana, wakasimika bendera yao, wakateremka, na wote watatu wakajirudisha kambini wenyewe, wakahukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Hao, kadiri nijuavyo, ndio wageni waliozikubali hatari zote za safari kwa moyo mkunjufu kuliko wote, na hawakutia sahihi popote. Septemba 1970 tabibu wa Kiaustria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya, na kwa siku nyingi mwenzake wa safari, wanachama wa klabu ya wapanda mlima ya Kenya, askari wa mbuga, na mwishowe kikosi kilichorushwa kwa ndege kutoka Innsbruck, walihangaika kumteremsha. Yeye alipona. Rubani wa Kimarekani Jim Hastings, aliyekuja na helikopta yake kusaidia, alianguka nayo akafa. Banda la Waaustria lililo chini ya Lenana, ambamo vijana wetu leo hupiga picha wakitetemeka, lina asili yake katika mkasa huo.

Mwenye kambi aliyekua akisikia habari kama hizi ana haki ya kuogopa, na ana haki ya kumwambia mgeni wake bayana, tena kwa maandishi: bwana, uendako si Uhuru Park. Hapo sina ugomvi naye. Mgeni aliyeonywa juu ya urefu, baridi, mito inayofura na wanyama, akasema nimesikia na ninakwenda, ameichukua hatari hiyo begani mwake, na haifai akianguka arudi kumdai mwenye hema.

Walakini hatari ya mlima ni kitu kimoja, na uzembe wa mwenye kambi ni kitu kingine, na hila yote ya karatasi hizi imo katika kuvifunga viwili hivyo kwa kamba moja. Mimi nilizaliwa Lamu, na huko abiria aliyeingia jahazini alizikubali pepo na mawimbi, maana hizo ni kazi ya Mungu. Hakuukubali ubao uliooza ambao nahodha aliuona, akaupaka mafuta usionekane, akatweka tanga. Katika kambi za nyanda za juu ubao uliooza una sura nyingi. Ni ngazi ya banda isiyopigwa msumari tangu mvua za mwaka juzi. Ni mtambo wa gesi wa kuchemshia maji ya kuoga, uliofungwa katika chumba kisicho na tundu. Mkubwa wao wote ni jiko la makaa, ambalo mtumishi mwenye huruma humwingizia mgeni hemani ili apate joto, asimwambie aache mlango wazi, na sumu isiyo rangi wala harufu ikamchukua mgeni yule usingizini asiamke. Mauti ya namna hiyo hayakutoka kwa Kirinyaga. Yametoka jikoni, na kuyaita hatari ya mlima ni kuusingizia mlima.

Sheria yetu yasemaje? Kenya ina Sheria ya Dhima ya Wenye Mahali, Sura ya 34, iliyonakiliwa kutoka katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1957, nayo yamlazimisha mwenye mahali kumhifadhi kila mgeni wake kwa uangalifu wa busara, ila pale alipoupunguza wajibu huo kwa mapatano au kwa njia nyingine, kadiri alivyo na uhuru wa kufanya hivyo. Katika hayo maneno machache ya mwisho ndimo karatasi za kambi zinamopata pumzi. Lakini sheria hiyo hiyo yasema jambo jingine ambalo wachora vibao hawalipendi: kwamba onyo peke yake halimvui mtu dhima, isipokuwa liwe onyo la kumtosha mgeni kujisalimisha. Kibao cha "Waingia kwa hatari yako mwenyewe", ambacho katika miji yetu kimetundikwa hata penye maegesho ya magari ya kinyozi, hakimwambii mgeni ni hatari gani, iko wapi, wala aiepuke vipi. "Mbwa mkali" kina elimu zaidi kuliko hicho.

Waingereza wenyewe, waliotuachia mlango huo wa mapatano, walikwisha kuufunga kwao: tangu mwaka 1977 sheria yao yamkataza mfanyabiashara kujivua, kwa karatasi au kwa kibao, dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Huko Marekani, ambako karatasi hizi ndiko kwenye shina lake, jimbo la Louisiana na la Virginia hayazikubali katika jambo la jeraha la mwili, ilhali majimbo mengine mengi yazikubali kwa kiasi. Kwetu mlango umesukumwa kwa mkono mwingine. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 yampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo, haki ya kulindwa afya yake na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha lililotokana na kasoro za huduma, iwe imetolewa na mtu binafsi au na dola. Sikuona mahali ibara hiyo iliposema kwamba haki hizo huisha kwenye meza ya mapokezi.

Nalo suala la lini mtu ameambiwa ni zito kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya kawaida ya Waingereza, kwa hali yake ya tarehe 12 Agosti 1897, ni sehemu ya sheria ya Kenya, na maamuzi yao ya baadaye mahakama zetu huyasikiliza kwa taadhima hata pasipofungwa nayo. Mwaka 1949 mahakama yao ya rufani ilikata shauri la bibi mmoja aitwaye Olley, aliyeibiwa koti la manyoya hotelini. Hoteli ikajitetea kwa tangazo lililobandikwa chumbani, na mahakama ikasema kwamba mapatano yalifungwa kule chini, kwenye meza ya mapokezi, na sharti ambalo mgeni huliona baada ya mapatano kufungwa si sharti. Mwaka 1971 likaja shauri la Thornton, aliyeumia katika maegesho ya magari ambayo tiketi yake ilitolewa na mashine: alipoipokea tiketi mambo yalikuwa yamekwisha, na maandishi ya ndani ya jengo hayakumfunga. Jaji Denning alikuwamo katika mashauri yote mawili. Basi nauliza: mtu aliyelipa arbuni mwezi wa Julai kwa simu, akapokewa fedha yake bila ya sharti, je, karatasi anayosukumiwa mwezi wa Agosti gizani, mizigo ikiwa chini na watoto wamelala, ni mapatano ama ni ushuru?

Neno arbuni lenyewe lina mafunzo yake. Ni neno la Kiarabu lililopita baharini likakaa kwetu karne na karne, na maana yake ni fedha ya kutangulizwa ili biashara ishikwe. Na wanazuoni wa Shafi, madhehebu ya watu wengi wa pwani yetu, pamoja na wa Hanafi na wa Maliki, hawakumruhusu muuzaji kuila arbuni biashara ikivunjika, wakiona kwamba huko ni kula mali ya mtu bila ya kumpa kitu. Hanbali ndio walioruhusu. Simwambii mtu apeleke shauri la kambi kwa kadhi, ambaye Katiba imempa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wake tu. Nasema kwamba swali la nani aimeze arbuni, na kwa sababu gani, watu wenye akili walilibishania zaidi ya miaka elfu, na hawakulimaliza kwa mstari mmoja wa herufi ndogo.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni lugha. Ibara ya 7 ya Katiba yakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katika karatasi zote nilizozikusanya kuuzunguka mlima, Kiswahili nilikiona katika mbili tu: moja imeandika "Karibu", na ya pili imeandika "Hakuna Matata". Yaani mgeni akaribishwa kwa lugha yake, atumbuizwa kwa lugha yake, kisha anyang'anywa haki zake kwa lugha ya wengine. Na mtu asiseme kwamba hili ni jambo la fahari tu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inapoeleza ni mambo gani mahakama iyatazame ili kujua kama mfanyabiashara amemwendea mteja kwa dhuluma, yataja kwa jina hali ya mteja kushindwa kujilinda kwa sababu ya kutojua kusoma, au kutofahamu lugha ya mapatano. Na pale maneno ya mapatano yanapobeba maana mbili, yaamuru ifuatwe ile yenye kumfaa mteja. Mke wangu angeitia sahihi karatasi ile ya kwamba amefahamu, sahihi hiyo ingekuwa shahidi wa uongo, na mwenye kuuandaa uongo huo si yeye.

Juu ya masharti yenye kubadilika sina maneno mengi, kwa kuwa jambo lenyewe ni wazi. Zipo nyakati ambazo hakuna wa kulaumiwa. Tarehe 6 Aprili 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi, na zuio hilo likadumu hadi Julai. Kambi za mlimani, ambazo wageni wao wengi hutoka jiji hilo, zilibaki na nyani. Wako waliorudisha fedha, wako walioahirisha tarehe, wako waliotoa hati ya kuja siku nyingine, na mgeni mwenye utu alipokea alichopewa. Lakini kubadilisha bei siku nne kabla ya safari si korona. Tazama jinsi dola inavyobidi ifanye: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipotaka kupandisha ada za kuingia mbugani mwaka 2025, ada ambazo kwa maelezo yake zilikuwa hazijaguswa kwa takriban miaka 18, lilitakiwa na sheria kuutangazia umma na kuusikiliza kwanza, kisha likataja siku ya kuanza, tarehe 1 Oktoba. Watu wa safari walinung'unika, na wana haki, kwa kuwa huuza safari za mwaka ujao kwa bei ya mwaka huu. Walakini walikuwa na mahali pa kunung'unikia. Mteja wa kambi binafsi ana simu tu, na ujumbe uliokwisha kuandikwa kwamba masharti yaweza kubadilika bila ya taarifa. Sharti lisemalo kwamba sharti si sharti ni kichekesho, na hakimu mwenye subira atalicheka.

Wala karatasi hizi hazina nguvu zote zinazojidai kuwa nazo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za aliyeuawa na mnyama wa porini aliyetajwa katika sheria hiyo, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Fidia hiyo huchelewa, kila mkulima wa Kieni ataapa hivyo, lakini mdaiwa wake ni dola, na mwenye kambi hana idhini ya kuisamehe dola kwa niaba ya mjane.

Kisha wako watoto. Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri amezikwa Robert Baden-Powell, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941 baada ya kumalizia umri wake katika nyumba ya Paxtu, uwanjani mwa hoteli ya Outspan. Na juu ya jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti, maana yake nimekwenda nyumbani. Ndiye aliyewapeleka wavulana katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907 kuwajaribu kwa maisha ya mahema, na kila mwaka, inapokaribia tarehe 22 Februari, maskauti huja Nyeri kwa maelfu, sare zimepigwa pasi, vifundo vya shingoni vimekaza. Kila mmoja ana karatasi iliyotiwa sahihi na mzazi. Mimi kama mwalimu nimezikusanya karatasi hizo kwa mamia, na nakiri kwamba sikupata kuzisoma zote. Mzazi kumruhusu mtoto aende kambini ni sawa. Mzazi kumsamehe mtu wa tatu uzembe utakaomvunja mtoto wake mguu ni jambo jingine, kwani mguu si wake. Katiba, katika Ibara ya 53, yasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo limhusulo, na mtoto kwa sheria ya Kenya ni kila aliye chini ya miaka 18.

Na wako wapagazi, ambao hakuna anayewauliza. Mwaka 1899 Halford Mackinder alipofika Batian pamoja na watu wawili wa milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, mizigo yake ilikuwa imebebwa na watu, na miongoni mwao walikuwamo Waswahili wa pwani ambao baadhi yao hawakurudi kwao. Kambi iliyo juu ya bonde la Teleki yaitwa Mackinder mpaka leo. Hakuna mwamba wala kijito kinachoitwa kwa jina la mmoja wa wale waliokufa. Siku hizi mgeni hutia sahihi, kambi huweka bima ikipenda, lakini kijana wa Naro Moru anayepanda na mzigo wa mgeni mgongoni, aliyeajiriwa kwa siku nne kwa mdomo mtupu, aghalabu hana karatasi ya kumvua haki wala ya kumpa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amkatie bima mfanyakazi wake. Nenda langoni asubuhi, uwaulize wapagazi ni nani mwajiri wao.

Wenye kambi nawaomba mambo yasiyowagharimu ila wino. Chapisheni masharti kwa Kiswahili. Yapelekeni kabla ya kupokea arbuni, si baada yake. Andikeni hatari za mlima kwa majina yake, moja moja, kwa herufi kubwa, na neno uzembe mlifute, mkanunue bima kwa ajili yake. Msomaji nawe, unapotaka kutuma arbuni, omba masharti kwanza, na uyahifadhi kwenye simu. Na ukidhulumiwa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na waweza kusimama humo bila ya wakili.

Mimi nimeanza kwa barua. Niliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikadai shilingi zangu 6,000 pamoja na nauli ya matatu, nikaipeleka mwenyewe Naro Moru Jumatatu iliyopita. Bwana hakuwapo. Kijana yule yule wa mapokezi alinipokea kwa heshima, nikamwomba atie sahihi kwenye nakala yangu kuwa ameipata. Akaketi, akaisoma yote tangu juu hata chini, ndipo akatia. Jawabu halijaja.